Kilichobebwa

Wendell aliegemea uzio akauliza
swali alilokuwa amelitafuna tangu Jumapili:
"Hiyo pikapu ya umeme, Daria, ni gari au ni friji?"
Orest alikuwa anafuta kioo, akajifanya kiziwi.
Nikajibu mimi:
friji haikopeshwi kwa miaka saba.

Hapa Dauphin, Januari ina meno.
Nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri,
pumzi inaganda ndevuni kabla salamu haijaisha,
na betri, ambayo katika karatasi ya muuzaji
ilikwenda kilomita mia nne na themanini,
inasinyaa kama sweta la sufi lililofuliwa kwa maji ya moto.
Tunaamka na mia mbili na hamsini.
Orest anazima kipasha joto, anavaa glavu mbili mbili,
anaendesha kwa kunyata
kama mtu anayeiba gari lake mwenyewe.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Na anayekiosha kidonda hiki ni mimi,
maana risiti zote ziko kwenye kopo langu la biskuti.

Mwaka mzima nimeandika
kwenye kalenda ya ushirika wa nafaka
kila kilichopanda nyuma ya ile pikapu:
magunia sita ya chumvi ya barabarani,
godoro la binti yetu Larysa, kwenda,
godoro lile lile, kurudi (sikuuliza),
paa mmoja wa Novemba, miguu juu,
mbao za kibanda ambacho bado ni mbao.
Siku nyingine zote, theluji.
Theluji imepanda bure kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu.

Kazini kwake ni kilomita kumi na nane.
Kwa safari hiyo, nakiri, umeme ni wa senti,
na sijasimama kwenye pampu ya petroli
nikihesabu tarakimu zinavyokimbia.
Lakini kwa safari hiyo hiyo
hata punda angetosha, na angejua njia.

Julai tulivuta mashua kwenda Gimli.
Tela lilikunywa betri kama ng'ombe aliyetoka kwenye chumvi.
Kituo cha chaji kilijengwa kwa ajili ya vigari vya mjini;
ikabidi tulifungue tela, tuiache mashua
peke yake juu ya lami, nyuma ya hoteli,
bata aliyekosea ziwa.
Tulikula viazi vya kukaanga dakika hamsini.
Tulipofika, samaki walikuwa wamelala.
Orest akasema, "Angalau tumeongea."
Kweli. Tuliongea. Sikumbuki lini mara ya mwisho.

Kisha Aprili, mvua ya barafu.
Nyaya zililala chini usiku kucha, mchana kutwa,
usiku tena.
Orest akapitisha waya kwenye dirisha la jikoni,
kutoka ubavuni mwa pikapu hadi kwenye pampu ya ghala la chini,
hadi kwenye friza la nyama, hadi kwenye birika.
Nilikunywa chai iliyochemshwa na gari.
Jioni ya pili Wendell alisimama mlangoni,
waya mrefu wa rangi ya chungwa umezungushwa begani,
mashine ya hewa ya mama mkwe wake mkononi.
Hakuuliza kitu.
Orest akamwonyesha pa kuchomeka.

Sasa watu wananisimamisha dukani:
inafaa, haifai?
Nawaambia wahesabu kwanza wanachobeba.
Hawapendi jibu hilo.

Ila kuna jambo sijaliandika kwenye kalenda.
Miaka thelathini na moja nilimjua kwa dizeli yake,
ikikohoa kona ya kanisa, nami nateleka supu.
Siku hizi simsikii.
Mwanga unapita darini, kimya,
nageuka na mwiko mkononi,
na yeye tayari yuko mlangoni,
theluji mabegani,
kama mtu aliyekuwa hajaondoka.